Maneno ya Vinywaji katika Kinepali: Sura Moja ya Historia ya Lugha na Sheria

Tarehe 6 Januari 1854 serikali ya Nepal ilitangaza kitabu cha sheria kiitwacho Muluki Ain. Mwenye madaraka wakati huo alikuwa Waziri Mkuu Jang Bahadur, wa ukoo wa Rana, ambaye aliishika nchi tangu mwaka 1846, na mwaka 1850 alikuwa amesafiri kwenda Uingereza na Ufaransa. Kitabu hicho kiliwapanga watu wote wa ufalme katika mafungu matano, toka juu hata chini. Fungu la kwanza liliitwa tagadhari, yaani wavaao uzi mtakatifu. La pili ni namasinya matwali, wanywao pombe ambao haikuruhusiwa kuwatia utumwani. La tatu ni masinya matwali, wanywao pombe ambao iliruhusiwa kuwatia utumwani. La nne ni wale ambao maji yao hayakupokelewa na walio juu yao, lakini aliyewagusa hakulazimika kujitakasa. Na la tano ni wale ambao maji yao hayakupokelewa, na aliyewagusa ilimpasa kujinyunyizia maji ya kujitakasa.

Mwanafunzi wa lugha akiyatazama majina hayo ataona jambo la kumshangaza. Katika mafungu matano, manne yamepewa majina kwa kinywaji: mawili kwa pombe na mawili kwa maji. Jina la kazi halikutumika, wala jina la nchi, wala la lugha. Basi mtu ajifunzaye Kinepali, akidhani kwamba maneno ya vinywaji ni maneno mepesi ya siku za kwanza, ya sokoni na ya mezani, hukutana humo na historia nzima ya dola. Makala haya yataka kuyaeleza baadhi ya maneno hayo, asili yake na matumizi yake, na kuonyesha kwamba haiwezekani kuyafasiri sawasawa bila ya kujua nani humpa nani kinywaji hicho, na kwa haki gani.

Yafaa kuanza na maneno yaliyo wazi. Kinepali ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiarya, na maneno yake ya msingi yatoka katika Kisanskriti. Pani, maji, latokana na paniya, maana yake "kinachonyweka". Dudh, maziwa, latokana na dugdha, "kilichokamwa". Dahi, maziwa yaliyogandishwa, latokana na dadhi. Maneno haya yana ndugu zake katika Kihindi, na mtu wa pwani yetu aliyezoea masikio yake kwa lugha za Kihindi hatayaona mageni. Chiya, chai, ni neno lililosafiri kutoka China kama chai ya Waswahili, ila kwa njia nyingine. Vinywaji hivi havimpi mwanafunzi taabu nyingi. Taabu huanza afikapo kwenye vile vya kulevya, kwani hapo lugha moja haitoshi.

Neno la Kinepali la pombe isiyokenekwa ni jaad, ambalo irabu yake hutamkwa puani. Mgeni asiyeitamka puani hukaribia neno jado, ambalo maana yake ni baridi. Jaad hufanywa kwa mchele, mahindi, ngano, au kwa nafaka iitwayo kodo. Ikikenekwa, yaani ikichemshwa hata ikatoa mvuke, na mvuke ule ukapozwa ukawa maji tena, huitwa raksi. Chombo cha kukenekea kina sehemu tatu zilizopandana: chungu cha chini chenye jaad juu ya moto, chungu cha kati chenye matundu, ambacho ndani yake huwekwa kibakuli cha kupokea matone, na juu yake sufuria ya maji baridi. Maji ya juu yakipata moto humwagwa na kutiwa mengine. Kadiri yanavyobadilishwa mara nyingi ndivyo raksi inavyozidi kuwa nyingi na kupungua ukali. Kwa sababu hiyo raksi ya kubadilishiwa maji mara tatu huitwa tin pane, "ya maji matatu". Mwanafunzi asiyepata kukiona chombo chenyewe atadhani kuwa raksi hiyo imetiwa maji mara tatu, na atakuwa amekosea kabisa, maana maji yale hayaingii katika pombe hata tone moja.

Neno kodo lastahili kuangaliwa na msomaji wa Afrika ya Mashariki. Latokana na Kisanskriti kodrava, na katika Kihindi kodo ni nafaka ya Bara Hindi ambayo wanabotania huiita Paspalum scrobiculatum. Lakini katika Kinepali kodo ni nafaka nyingine, Eleusine coracana, ambayo kwetu ni ulezi, au wimbi kwa watu wa Kenya. Nafaka hii asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Huko ndiko ilikolimwa kwanza, kisha katika zama za kale ikafika Bara Hindi na kupanda hata kwenye miteremko ya Himalaya. Basi jina la nafaka ya kale ya Bara Hindi likakalia nafaka iliyotoka Afrika. Mswahili afasiriye kodoko jaad ana haki ya kuandika "pombe ya ulezi" bila ya shaka yoyote, na kwa neno hili ana faida kuliko Mhindi, ambaye ataelekezwa na lugha yake kwenye nafaka isiyo hiyo. Na atazame pia mpango wa maneno: -ko ya Kinepali hufanya kazi ya "-a" unganifu ya Kiswahili, ila mwenye sifa hukaa mwisho. Kodo-ko jaad ni "ulezi-wake pombe".

Hata hivyo faida hiyo isimpeleke mbali. Pombe ya ulezi ya Waafrika hufanywa kwa kimea. Nafaka hulowekwa, huachwa ichipuke, hukaushwa, na nguvu iliyomo katika chipukizi ndiyo igeuzayo wanga kuwa sukari. Hivyo ndivyo ifanywavyo ajono ya Wateso wa Uganda, na hata mbege ya Wachaga, ambayo ni ya ndizi, hutaka kimea cha ulezi. Katika Nepal nafaka haichipushwi. Hupikwa, huachwa ipoe, kisha huchanganywa na unga wa marcha. Marcha ni vitumbua vidogo vikavu vya mchele uliopondwa pamoja na mizizi na majani ya mwituni, na ndani yake mna kuvu pamoja na hamira. Kuvu hugeuza wanga kuwa sukari, na hamira hugeuza sukari kuwa kileo. Kwa hiyo atakayeandika kwamba marcha ni "kimea" atakuwa amewapa Wanepali ufundi usio wao, na kuwanyima ule walio nao. Neno chachu lakaribia zaidi, lakini nalo lataka maelezo.

Jambo la namna hiyo hutokea katika sauti pia. Watu wa milimani wa kaskazini, kama Washerpa, huiita pombe yao isiyokenekwa chhaang, na neno hilo ni la Kitibeti. Msomaji wa Kenya atakumbuka mara moja chang'aa. Lakini chhaang haikenekwi, na chang'aa ni pombe ya kukenekwa, iliyokatazwa na sheria ya Kenya hadi mwaka 2010. Kufanana kwao ni kwa sauti tu. Hali kadhalika raksi isifasiriwe "gongo" bila ya kufikiri. Gongo ni neno linalobeba harufu ya maficho na hofu ya askari. Lakini raksi katika nyumba za watu wengi wa Nepal huwekwa mbele ya mizimu ya wazee na mbele ya mgeni wa heshima.

Zaidi ya hayo, jaad na raksi ni maneno ya Kinepali, na wengi wa watu ambao sheria iliwaita wanywaji hawakuzaliwa katika Kinepali. Wanewari wa Bonde la Kathmandu huiita pombe ya mchele thwon, na ile ya kukenekwa aila. Aila humiminwa kutoka katika birika la shaba lenye mdomo mwembamba, na mara nyingi mwanamke ndiye mmiminaji, akiliinua birika juu sana na kuulenga mkondo katika kibakuli kidogo bila ya kumwaga. Katika ibada yao iitwayo sagan mtu hubarikiwa kwa kupewa yai, samaki, nyama na aila. Wakati wa sikukuu ya Indra Jatra, pombe hububujika kwa mrija kutoka kinywani mwa sanamu ya Bhairab, na vijana hupigania kuipokea. Ilikuwa katika siku za sikukuu hiyo, mwaka 1768, watu wakiwa katika sherehe, ndipo majeshi ya Prithvi Narayan Shah, mfalme wa Gorkha, yalipoingia Kathmandu na kuitwaa. Tangu hapo lugha ya Gorkha ikawa lugha ya watawala, na thwon na aila yakawa maneno ya watawaliwa.

Upande wa mashariki Walimbu wana tongba. Neno hilo ni jina la chombo na la kinywaji pia. Chombo ni cha mti au mwanzi, kina kifuniko, na hujazwa ulezi uliokwisha kuchacha. Humiminiwa maji ya moto, huachwa kwa muda, kisha hunyonywa kwa mrija wa mwanzi uitwao pipsing, wenye tundu upande mmoja karibu na ncha ya chini ili chembe zisipite. Maji yakiisha huongezwa mengine, mara ya pili na ya tatu. Joseph Dalton Hooker, mtaalamu wa mimea aliyesafiri mashariki ya Nepal na Sikkim kuanzia mwaka 1848, alikieleza kinywaji hiki katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1854, mwaka ule ule wa Muluki Ain. Mtu wa Uganda aliyepata kukaa duarani penye chungu cha malwa, wazee wakinyonya kwa mirija mirefu na maji ya moto yakiongezwa, atayatambua yote hayo. Tofauti ni kwamba malwa ina chungu kimoja cha watu wengi, na tongba kila mtu ana yake. Haifai kusema kwamba desturi moja imezaa nyingine. Yatosha kusema kwamba nafaka ni moja, na kwamba chembe zake ndogo zawalazimisha wanywaji wa kila mahali kutafuta mrija.

Sasa yatazamwe matumizi ya maneno hayo katika sentensi. Kinepali kina kitenzi piunu, kunywa. Lakini katika mazungumzo ya kila siku watu husema khanu, kula. Mtu "hula" maji, "hula" chai, "hula" raksi, na hata sigara "huila". Mwanafunzi ashikaye piunu peke yake ataeleweka, ila atasikika kama kitabu. Kitenzi hicho hicho hubadilika kwa heshima: kha kwa mtoto au mtu wa chini, khau kwa rafiki, khanuhos kwa mtu astahiliye heshima. Na mtu aliyelewa hasemwi kuwa ametenda jambo. Husemwa malai raksi lagyo, "raksi imenishika", kwa kitenzi kile kile kitumikacho kwa kiu, baridi na usingizi. Msemaji wa Kiswahili, ambaye homa humshika na usingizi humshika, hahitaji kuelezwa mara mbili. Katika sarufi hii kileo ni hali impatayo mtu na kumwacha.

Hapo ndipo neno matwali laonekana kwa sura yake halisi. Shina lake ni la Kisanskriti matta, "aliyelewa", na nduguye wa Kihindi, matwala, humaanisha mlevi. Sarufi ya mazungumzo yasema kwamba pombe humshika mtu na kumwachia. Lakini sheria ya 1854 ililifanya jambo hilo kuwa tabia ya kuzaliwa. Mmagari au Mgurungi ambaye hakupata kuonja raksi maisha yake yote alikuwa matwali. Mbrahmini aliyekunywa kwa siri hakuwa matwali, bali mkosaji, na kosa lake likithibitika laweza kumtoa katika tabaka lake. Huko magharibi, katika nchi ya Karnali, wapo Wachhetri wasiovaa uzi na wanaokunywa pombe, nao huitwa Matwali Chhetri. Hivyo jina la kinywaji laweza kuwagawa hata watu wa jina moja.

Tofauti ya fungu la pili na la tatu ilikuwa ni tofauti ya uhuru wa mtu. Wamagari na Wagurungi waliwekwa miongoni mwa wanywaji wasiotiwa utumwani. Wachepang, Wakumal, Watharu na wale walioitwa Bhote, ambao Watamang walihesabiwa humo, waliwekwa miongoni mwa wale wanaotiwa. Chini yao wakafuata watu wa maji yasiyopokelewa, na katika fungu la nne waliwekwa Waislamu na Wazungu pia. Na chini kabisa wahunzi, washonaji wa ngozi, washonaji wa nguo na wengineo, ambao jamii haikuweza kuishi bila ya kazi ya mikono yao, wala haikukubali maji kutoka katika mikono hiyo. Maneno pani chalne, "ambao maji yao hupita", na pani nachalne, "ambao maji yao hayapiti", hayana neno hata moja gumu. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza ayajua yote mawili, maji na kupita. Lakini maana yake haimo katika kamusi ya mwezi wa kwanza.

Kwa wageni, elimu ya lugha hii ilianza mapema. Sarufi ya J. A. Ayton ilichapwa Calcutta mwaka 1820. Kamusi kubwa ya Ralph Lilley Turner, yenye asili za maneno na ulinganisho wa lugha ndugu, ilitoka London mwaka 1931, na hata leo hakuna mtafiti wa lugha za Kihindi-Kiarya awezaye kuiacha. Turner alikuwa afisa katika jeshi la Wagurkha wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari wa majeshi hayo walitoka zaidi katika Wamagari, Wagurungi, Warai na Walimbu, watu wa mafungu ya wanywaji, ambao wengi wao Kinepali kilikuwa lugha yao ya pili. Basi lugha ambayo afisa mgeni aliisikia katika kambi ilikuwa imekwisha kupita katika vinywa vya watu wenye maneno mengine ya nyumbani. Ni jambo la kukumbukwa kila isemwapo kwamba neno fulani ni la Kinepali "safi".

Sheria ile haikudumu kama ilivyokuwa. Mwaka 1924 Waziri Mkuu Chandra Shumsher alitoa wito wa kukomesha utumwa, na katika mwaka uliofuata watumwa zaidi ya 50,000 wakapata uhuru. Hapo tofauti ya masinya na namasinya ikapoteza maana yake ya sheria. Mwaka 1963 Mfalme Mahendra akatangaza Muluki Ain mpya, isiyowapanga watu kwa matabaka. Mwaka 2011 ikatungwa sheria ya kuadhibu ubaguzi wa tabaka na wa kutogusana. Watu wa fungu la wanywaji nao wakajitafutia jina jingine. Tangu miaka ya 1990 neno lililoshika ni janajati, "jamii za wenyeji", na sheria ya mwaka 2002 iliorodhesha jamii 59 kwa jina hilo. Katiba ya mwaka 2015 yasema kwamba lugha zote za mama zisemwazo nchini ni lugha za taifa, ijapokuwa Kinepali ndicho lugha ya serikali. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta lugha 124, na wenye Kinepali kuwa lugha ya mama walikuwa karibu 45 katika kila watu 100.

Lakini neno halifutwi kwa tangazo la serikali. Matwali lingali lafahamika, na swali la maji yapitayo na yasiyopita lingali laulizwa katika visima vya vijiji, ijapokuwa sheria yalikataza. Ndiyo sababu mtungaji wa kamusi hana budi kuchagua kwa uangalifu. Akiandika chini ya matwali neno moja tu, "mlevi", atakuwa amechukua hukumu ya mwaka 1854 na kuipitisha mbele kana kwamba ni maana ya neno. Akiliacha nje kwa sababu lina aibu, ataificha historia, na msomaji wa hati za kale hatapata msaada. Njia iliyo ya haki ni kuandika yote mawili kwa mpango: kwamba shina lake humaanisha kulewa, kwamba sheria ya Rana ililifanya jina la mafungu mawili ya watu, na kwamba wenyewe walioitwa hivyo wamechagua jina jingine. Maelezo hayo hayazidi mistari mitatu.

Somo hili si la Nepal peke yake. Mtungaji wa kamusi ya Kiswahili akutanapo na mbege, kangara au mnazi, ni rahisi mno kuandika "aina ya pombe" na kupita. Akifanya hivyo ameeleza kiowevu tu, wala hakueleza neno. Mchaga atauliza mbona haikusemwa kwamba mbege humiminwa katika kata na kwamba posa haiendi bila yake; na mtu wa pwani atauliza mbona mgema hakutajwa. Yule ajifunzaye Kinepali hufundishwa na jambo hili mapema, kwa kuwa katika lugha ile adhabu ya kutojua ilipata kuandikwa katika sheria. Katika lugha nyingine adhabu hiyo haikuandikwa, wala mtungaji hapati wa kumsahihisha. Na hapo ndipo apaswapo kuwa mwangalifu zaidi.